Uvimbe mgumu usiouma: kinyama kimoja, vichupa viwili

Mlaze mtoto penye mwanga wa dirisha, kisha pitisha vidole taratibu kwenye ukingo wa uvimbe ulioko pajani. Kama ni ugonjwa adimu wa fangasi ninaoueleza hapa, utakuta kitu bapa, kigumu kama mpira wa tairi, chenye ukingo wa mviringo mfano wa mdomo wa sahani iliyofunikwa na kitambaa. Ncha za vidole zinaingia chini ya ukingo huo, na uvimbe wote unanyanyuka kidogo kutoka kwenye msuli. Hauumi. Mtoto anaendelea kuchezea kiatu chake. Ngozi ya juu imeshikana na uvimbe, imekolea weusi kidogo na inang'aa, lakini haijachanika wala haitoi usaha. Hana homa, anakula vizuri, kipimo cha VVU ni hasi.

Sifa hiyo ya vidole kuingia chini ya ukingo ni ya kushika sana. Uvimbe wa aina nyingi umejishikiza chini, au hauna mpaka unaoeleweka, au unauma ukiuminya. Huu unasogea juu ya msuli pamoja na ngozi yake, na kila mwezi unatambaa kidogo: kutoka pajani kwenda kwenye kalio, kutoka kalioni kwenda kiunoni.

Ni fangasi. Anaitwa *Basidiobolus ranarum*, na ugonjwa wake ni basidiobolomikosisi. Ni adimu, na ndiyo sababu unakosewa mara nyingi. Kwa wengi wetu fangasi ni mapunye ya kichwani, mba, au muwasho kati ya vidole vya miguu. Kwa matabibu, fangasi anayeingia ndani ya mwili ni ugonjwa wa mtu ambaye kinga yake imeporomoka: homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka kwa mwenye VVU, au ukungu wa pua na macho kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa. Basi mtoto mwenye afya akija na uvimbe, fangasi hawaandikwi hata kwenye orodha ya vitu vya kufikiriwa. Hapo ndipo miezi inapoanza kupotea. Huyu hahitaji kinga iliyodhoofika. Anachohitaji ni mlango tu.

Jina lake la pili ni la Kilatini na maana yake ni "wa vyura". Mtaalamu wa fangasi aitwaye Eidam alimweleza mwaka 1886 baada ya kumkuta kwa vyura, na tangu hapo amepatikana kwenye matumbo na vinyesi vya vyura, mijusi, mijusi kafiri wa ukutani na hata popo, pia kwenye udongo na majani yanayooza. Wanyama hao hawaugui. Wanambeba tu na kumwacha ardhini pamoja na choo chao. Inaaminika kwamba kwa binadamu anaingia kwa mwiba, mchubuko au mdudu anayeuma, yaani jeraha dogo ambalo mzazi hata halikumbuki. Katika miaka ya 1970 nchini Uganda ilitolewa hoja kwamba majani yaliyookotwa chini na kutumika kujipangusia chooni ndiyo yanayoeleza kwa nini uvimbe hupenda makalio na mapaja. Hoja hiyo inaingia akilini, ingawa haijathibitishwa. Linalojulikana vizuri zaidi ni kwamba wagonjwa wengi ni watoto na vijana, wavulana kuliko wasichana, na kwamba ugonjwa hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Ndugu wanaolala kitanda kimoja hawana haja ya kutenganishwa. Wala usianze kuua mijusi kafiri nyumbani. Hakuna faida utakayopata.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya ugonjwa huu. Wagonjwa wa kwanza waliandikwa Indonesia mwaka 1956. Mwaka 1964 Burkitt, Wilson na Jelliffe walichapisha taarifa ya wagonjwa 31 waliowaona Uganda. Burkitt huyo ndiye Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, ambaye mwaka 1958 alieleza saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake hadi leo. Mtu aliyetufundisha kuiona saratani kwenye uvimbe wa mtoto ni huyohuyo aliyetufundisha kwamba si kila uvimbe wa mtoto ni saratani. Fundisho la kwanza tumelishika vizuri. La pili limesahaulika.

Na hivyo huandikwa majina mengine. Jipu la sindano, hasa kama mtoto aliwahi kudungwa kalioni: linapasuliwa, hakitoki kitu ila damu kidogo, na kidonda kinachukua muda kupona. Matende, kwa sababu mguu wote umefura. TB ya tishu laini, na mtoto anaanzishiwa dawa za miezi 6 bila ushahidi wa vijidudu. Saratani ya misuli au ya tezi, na familia inaambiwa ijiandae. Kosa la saratani linaumiza zaidi, kwani limewahi kuwafikisha watu kwenye tibakemia, na hata kwenye mazungumzo ya kukata kiungo, kwa ugonjwa unaotibika kwa matone ya kunywa.

Kuna dalili moja ya bei nafuu inayopitwa kila siku: kipimo cha kawaida cha damu. Angalia eosinofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Mara nyingi zimepanda. Kwetu eosinofili zikipanda mtu anaandika minyoo, anatoa albendazoli, anafunga faili. Toa albendazoli, sawa, lakini kama mtoto ana uvimbe mgumu pamoja na eosinofili nyingi, usiishie hapo. Na usimpe prednisoloni kwa kudhani ni mzio. Uvimbe unaweza kupungua wiki mbili tatu kwa sababu sehemu yake kubwa ni mwili wenyewe unaopigana. Fangasi anabaki palepale, na kinga uliyoituliza ndiyo iliyokuwa ikimzuia.

Njia ya kujua ni kukata kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachopelekwa kupimwa. Ningependa kila hospitali ya wilaya ijue hatua hizi, kwa sababu hazihitaji mashine ghali, na bado huharibika kwa mambo madogo sana.

Usikwangue ngozi. Kukwangua kunafaa kwa mapunye. Fangasi huyu yuko chini, kwenye ngozi ya ndani na mafuta yaliyo chini yake. Sindano nyembamba ya kunyonya nayo mara nyingi huleta seli chache na damu, kisha majibu yanarudi yameandikwa "uvimbe wa kawaida". Chagua ukingo unaotambaa, mahali pagumu, si katikati palipozeeka. Kata kipande chenye umbo la jani, kirefu cha sentimita 1 hadi 2, ukishuka kupita ngozi hadi ndani ya mafuta. Nyama yake ni ngumu na nyeupe-njano, tena inakatika kwa shida.

Kipande hicho kigawanye. Nusu iingie kwenye kichupa cha formalini ya 10%, formalini iwe nyingi, angalau mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Nusu ya pili iingie kwenye kichupa safi kilichotakaswa, chenye mililita chache za salaini ya 0.9%, kiasi cha kukilowesha tu. Kichupa hiki cha pili ndicho kinachosahaulika. Formalini inaua fangasi, na kinyama kilichoingia humo hakioti tena milele. Ukipeleka kichupa kimoja cha formalini umejinyima nusu ya majibu. Kama TB bado inafikiriwa, kata kipande kidogo cha tatu kwa ajili ya kipimo cha GeneXpert, umalize swali hilo siku hiyohiyo.

Kichupa cha salaini usikiweke kwenye friji. Ni mazoea ya wauguzi wengi, na kwa sampuli nyingine ni mazoea mazuri, ila fangasi huyu hapendi baridi. Akikaa kwenye friji usiku mmoja anaweza kufa, na maabara itaandika "hakuna kilichoota". Kikae kwenye joto la chumba, mbali na jua, kifike maabara siku hiyohiyo. Ukikikata Ijumaa jioni na maabara imefungwa, umekikata siku mbaya. Panga Jumatatu asubuhi.

Kwenye karatasi ya maombi usiandike "uvimbe wa paja" ukaishia hapo. Andika: mtoto wa miaka mingapi, uvimbe mgumu usiouma, umekaa muda gani, eosinofili ngapi, "naomba atafutwe fangasi wa chini ya ngozi". Mtaalamu wa patholojia anayesoma vioo vingi kwa siku anaona kile alichoambiwa akitafute. Sivyo kwa sababu ni mvivu. Ndivyo macho ya binadamu yalivyo.

Sasa maabara. Kinyama cha salaini kisisagwe kwenye kinu. Nyuzi za fangasi huyu ni pana na zina kuta chache ndani yake, basi ukizisaga zinapasuka kama mirija na uhai unamwagika. Kikate kwa wembe wa upasuaji vipande vya milimita 1 hadi 2, kimoja kitazamwe kwa hadubini na tone la potasiamu haidroksaidi ya 10 hadi 20%, vingine vikandamizwe moja kwa moja ndani ya chakula cha kuoteshea fangasi kiitwacho Sabouraud. Chakula hicho kinaweza kuwa na dawa ya kuzuia bakteria, lakini kisiwe na saiklohekisimaidi. Maabara nyingi huweka kemikali hiyo kwa ajili ya fangasi wa ngozi ya juu, na huyu inamzuia. Weka sahani mbili, moja kwenye nyuzijoto 30 na nyingine 37.

Mara nyingi anaota ndani ya siku 2 hadi 5, ingawa sahani zisitupwe kabla ya wiki kadhaa. Koloni lake ni bapa, la kijivu-njano, linang'aa kama nta na lina mikunjo inayotoka katikati. Halafu linatokea jambo la kupendeza kabisa. Kifuniko cha sahani kinaanza kuonekana kama kimepulizwa unga mwembamba. Huo si uchafu wala mvuke. Fangasi huyu huota vijishina vyenye kijimbegu juu. Chini ya kijimbegu shina linafura kwa msukumo wa maji, linapasuka, na kijimbegu kinarushwa kama kombora hadi kugonga kifuniko. Vinavyoanguka pembeni huota vikoloni vidogo kuzunguka kile kikubwa. Mtu asiyejua anaandika "sahani imechafuliwa" na kuitupa. Ichukue, bandika kipande cha seloteipu kwenye ule unga, weka chini ya hadubini. Kwenye koloni lililokomaa utaona pia mbegu za duara, zenye ukuta mnene na vichomozo viwili vidogo upande mmoja, mfano wa mdomo wa ndege. Ukiona mdomo huo, jina umelipata.

Upande wa formalini, rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini inatosha, na mara nyingi inaonyesha vizuri kuliko rangi maalumu za fangasi. Tafuta nyuzi pana, mikromita 8 hadi 20 hivi, zenye ukuta mwembamba, zimekatwa-katwa kwenye kioo kama mirija mitupu. Kila uzi umezungukwa na koti zito la waridi, na nje ya koti kuna eosinofili zimejaa. Koti hilo linaitwa Splendore-Hoeppli. Ni mwili umeuzungushia ugonjwa tabaka la kinga yake.

Hapa kuna kosa moja ambalo nalihofia kuliko yote. Nyuzi pana zenye kuta chache zinafanana na za mukor, fangasi wa kundi jingine, na zamani makundi haya mawili yaliwekwa chini ya jina moja. Ripoti ikirudi imeandikwa "mukor" au "zaigomaikosisi", daktari wa upasuaji anaona dharura: mukor hupenya mishipa ya damu, huiziba na kuozesha nyama kwa siku chache, na tiba yake ni kukata nyama iliyokufa haraka pamoja na amfoterisini B. Basidiobolus hapenyi mishipa na haozeshi. Anatambaa kwa miezi. Amfoterisini B kwake haitegemewi. Kukata kwa kisu hakumalizi, kwani nyuzi hubaki pembeni na uvimbe unarudi kandokando ya kovu. Kwa hiyo ukisoma "mukor" kwa mtoto mwenye afya, mwenye uvimbe wa miezi mitano, usishike kisu. Pigia simu maabara uulize maswali mawili: mishipa ya damu imevamiwa? Koti la waridi lipo?

Dawa ya zamani ni potasiamu ayodidi, na bado inafanya kazi. Ni chumvi. Namna inavyotibu haijaeleweka vizuri, maana kwenye sahani ya maabara haimuui fangasi huyu kama mtu angetarajia. Inaonekana inasaidia kupitia mwili wenyewe. Mfamasia anayeyusha gramu 100 kwenye maji hadi ifike mililita 100, hivyo kila mililita ina gramu 1. Matone yanatofautiana kwa kila kidondoshi, basi yahesabu: kama matone 20 yanajaza mililita 1, tone moja ni miligramu 50. Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 30 hadi 40 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 20 kwa kipimo cha 30 anahitaji miligramu 600, yaani matone 12 kwa siku, matone 4 mara tatu. Usianze na yote. Anza na 2 mara tatu, ongeza tone moja kila baada ya siku chache. Hesabu hii aifanye daktari kwa uzito wa mtoto wa siku hiyo. Mzazi asiifanye peke yake dukani.

Ladha yake ni mbaya, kama kulamba shaba, kwa hiyo changanya kwenye maziwa au juisi baada ya chakula. Chupa iwe ya kahawia na ikae gizani. Ikitokea fuwele chini kwa sababu ya baridi, iweke kwenye maji ya vuguvugu na uitikise, zitayeyuka. Ikigeuka rangi ya njano au kahawia, imwage, ayodini imeanza kujitenga. Mtoto anaweza kupata mafua, mate mengi, vipele kama chunusi, au kuvimba chini ya masikio hadi afanane na mwenye matubwitubwi. Hiyo ni dalili ya kupunguza matone, si ya kuacha tiba. Tezi ya shingo ipimwe kwa kipimo cha damu cha TSH kabla ya kuanza na kila baada ya miezi michache, maana ayodini nyingi inaweza kuizimisha. Mjamzito na mwenye figo mbovu wasipewe.

Dawa ya pili ni itrakonazoli, dawa ya kuua fangasi: mtu mzima miligramu 200 mara mbili kwa siku, mtoto miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kwa siku. Madaktari wengi sasa huanza na hii, au huunganisha zote mbili. Vidonge vya kapsuli vinahitaji chakula kamili na tindikali ya tumbo, kwa hiyo ukimeza na omeprazoli, inayopunguza tindikali hiyo, unatupa fedha. Ile ya maji ni kinyume, inanywewa tumbo likiwa tupu. Na hapa lile kosa la TB linarudi kwa mlango wa nyuma: rifampisini, moja ya dawa za TB, inavunja itrakonazoli mwilini hadi karibu na sifuri. Mtoto aliyeanzishiwa dawa za TB kwa kukisia, akathibitishwa kuwa ni fangasi, asianze itrakonazoli kesho yake mkiamini itafanya kazi. Nguvu ya rifampisini inaendelea kama wiki 2 baada ya kuacha. Katika pengo hilo, matone ya ayodidi yanafaa. Ini lipimwe kabla na wakati wa tiba. Septrini nayo imetumika, ni rahisi na inapatikana, ingawa mimi ningeiweka nyuma ya hizi mbili.

Tiba ni miezi, mara nyingi 3 hadi 6 na pengine zaidi, na inaendelea mwezi mmoja au zaidi baada ya uvimbe kwisha. Wanaorudi kuugua wengi ni walioacha walipoona paja limelainika. Kwa hiyo pima kwa vitu, si kwa kumbukumbu. Chora ukingo kwa kalamu ya wino usiofutika, piga picha na rula pembeni. Zungushia futi ya fundi cherehani pajani, sentimita 10 juu ya ukingo wa juu wa pia ya goti, kila mara palepale, andika kwenye kadi pamoja na kipimo cha mguu wa pili usio na uvimbe. Ndani ya wiki 2 hadi 4 ukingo unaanza kulegea kabla uvimbe haujapungua upana. Ikipita miezi miwili bila sentimita hata moja kupungua, uliza kwanza kama dawa inanywewa, na pamoja na nini, kisha urudie kinyama.

Fangasi huyuhuyu akimezwa hukaa tumboni, na huko ni hatari zaidi. Jimbo la Arizona nchini Marekani lilihesabu wagonjwa 6 kati ya 1994 na 1999, na kusini mwa Saudi Arabia, hasa upande wa Asir, wameandikwa watoto wengi. Ndugu zetu wanaoishi huko na watoto wao wajue: maumivu ya tumbo ya wiki nyingi, kukonda, uvimbe unaoshikika tumboni, na eosinofili nyingi kwenye damu. Hufanyiwa upasuaji kwa kudhaniwa saratani ya utumbo au kidole tumbo, au hupewa dawa za kushusha kinga kwa kudhaniwa ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe sugu wa utumbo, na hizo za pili ndizo zinazoweza kumwangamiza mgonjwa. Kwa ugonjwa huu wa tumboni upasuaji una nafasi yake, pamoja na itrakonazoli au vorikonazoli kwa miezi mingi.

Kwa anayetafuta wa kumsaidia Tanzania, madaktari wa ngozi ndio mlango mzuri zaidi. Moshi, pale hospitali ya rufaa ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi wa kanda tangu 1992, na wahitimu wake wametawanyika katika nchi nyingi za Afrika. Nenda na picha zenye rula, majibu yote ya damu, orodha ya dawa ambazo mtoto ameshameza na tarehe zake. Kama kinyama kilishakatwa mahali, usikubali kuondoka na karatasi peke yake. Omba na bloku ya nta yenye kinyama chenyewe, kwani vioo vipya vinaweza kukatwa kutoka humo hata miaka baadaye.